Nimempoteza ndugu, nataka kuandika riwaya: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwanahabari wa gazeti hapa Nairobi, nina miaka 34. Mwaka jana kitinda mimba wetu alikuwa amepanda bodaboda Barabara ya Outer Ring, wakagongwa na lori, akafa siku ya tatu akiwa hospitalini. Ajali za aina hiyo nimeziripoti miaka mingi. Miezi minne baadaye daktari aliniambia nina mfadhaiko; alinipa dawa, bado nazimeza, na kazini nilisharudi. Nimeandika kurasa 40 za riwaya. Mhariri mwenzangu alizisoma akasema ni kama taarifa ndefu ya habari. Kila nikifika usiku ule wa hospitali naanguka, nakaa siku mbili tatu sijielewi. Na mama hataki mambo ya nyumbani yaanikwe. Je, niendelee? Na kama ni kuendelea, nifanyeje? – N., Umoja

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada N. Endelea, lakini si kwa mwendo huo, na hospitali iache kwanza.

Nianze na hizo siku mbili tatu, kwa kuwa hatari iko hapo. Yaliyobaki ni ufundi, na ufundi hujifunzwa. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa kila watu wanapodai kwamba kuandika kunaponya. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Kinachosahauliwa ni kwamba walipoweka kalamu chini walijisikia vibaya kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nafuu ilikuja miezi iliyofuata, na waliofaidika ni wale walioandika tukio pamoja na hisia zao: walikwenda kliniki ya chuo mara chache. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa nafuu hiyo ipo, ila kwa wastani ni ndogo.

Kwako hilo lina maana mbili. Ukiandika jambo zito ukashinda jioni nzima umenuna, hiyo ni kawaida. Ukianguka siku tatu, dozi imezidi. Pili, wanafunzi wale hawakuwa wakiandika hadithi. Hakuna aliyewauliza kama sura ya pili inavutia. Pennebaker mwenyewe hushauri kwamba mtu akihisi jambo fulani litamvuruga kabisa, aliache aandike jingine. Riwaya haikupi ruhusa hiyo kirahisi, maana mapema au baadaye itakurudisha palepale pabaya, si mara moja bali kila unapohariri. Kwa hiyo riwaya usiihesabu kama tiba. Tiba yako iko kwa daktari, na kazi ya riwaya ni kuwa nzuri.

Mwambie daktari kwamba unaandika, na unaandika nini. Mwombe dodoso la PHQ-9, lile linalopima mfadhaiko. Ni fupi, halimalizi dakika tano. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Lijaze kila baada ya Jumapili mbili, uandike jumla kwenye jalada la ndani la daftari lako la kazi. Ikipanda kwa alama 5 tangu mara ya mwisho, au ikifika 10 na zaidi, muswada unafungwa na kliniki inapigiwa simu. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo jibu lolote lisilo sufuri ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo, si Jumatatu. Kama ni usiku, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, ni bure. Wala usinyamaze kwa kuogopa polisi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025.

Kuhusu dawa nitasema machache. Kuna dhana inayozunguka miongoni mwa waandishi kwamba vidonge huua kipaji. Kinachoua kurasa ni kusoma mstari mmoja mara nne bila kuuelewa, na hiyo ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Ukiona dawa inakufanya ganzi, hulii wala hucheki, mwambie daktari arekebishe. Usiiache ghafla kwa sababu umefika sura ngumu. Kizunguzungu na kukosa usingizi vinaweza kukujia ndani ya siku chache, na ugonjwa ukarudi nyuma yake.

Sasa kazi yenyewe.

Tafuta madaftari mawili. La kwanza ni la majonzi: humo andika jina lake halisi, mgombeze dereva, mgombeze Mungu, rudia jambo moja mara ishirini ukitaka. Halihaririwi wala halisomwi na mtu. La pili ni la hadithi, na humo jina la ndugu yako haliingii hata mara moja. Hii si mizungu ya kisaikolojia, ni usafi wa kazi. Kurasa zinazokwama kwa waandishi waliofiwa mara nyingi ni zile zinazojaribu kufanya yote mawili, yaani kumlilia marehemu na kumshika msomaji, na zikashindwa kote.

Kisha fanya jambo ambalo mwanahabari analiweza kuliko mshairi. Orodhesha kila unachojua kuhusu siku zile tatu, sentensi moja kwa kila jambo, na mbele ya kila sentensi weka alama: *nimeshuhudia*, *nimeambiwa*, au *nakisia*. Nguo alizovaa umeziona. Saa ya ajali umeambiwa. Alikuwa anakwenda wapi usiku ule, na kwa nini hakusubiri matatu, pengine unakisia tu. Mazoea ya kazi yatakusukuma upige simu: mtafute rafiki yake, mtafute mwenye bodaboda, jaza pengo. Usipige. Riwaya yako iko kwenye hilo fungu la *nakisia*. Huko hakuna shahidi wa kukusahihisha, na ndiko unakolazimika kuamua badala ya kuthibitisha. Ukishaamua kwamba mtu huyu wa kubuni alikuwa anakwenda kurudisha deni, au alikuwa anamkimbia mtu, tayari si ndugu yako tena. Ana safari yake.

Baada ya hapo badilisha jambo moja kubwa, lile linaloshikilia mengine yote. Kugeuza majina na kumhamisha mtu kutoka Umoja hadi Kayole hakubadilishi kitu, kwa sababu utabaki unaandika kumbukumbu ukiogopa kukosea. Badilisha anayesimulia. Nakushauri kabisa asiwe dada wa marehemu na asiwe mwanahabari. Mwanahabari kwenye hadithi huwa na tabia mbaya ya kueleza kila kitu na kuwa na maoni juu ya nchi.

Chukua, kwa mfano, mweka hazina wa kamati ya mazishi. Kila mtu wa Nairobi anamjua. Ni yule binamu aliyeambiwa “wewe una akili ya hesabu” na simu yake ikageuka benki. Kundi la WhatsApp limefunguliwa usiku uleule. Aliyelifungua ameingiza kila nambari aliyokuwa nayo, pamoja na ya marehemu mwenyewe. Orodha ya michango inanakiliwa na kubandikwa upya kila mtu akitoa: 1. Mama Shiko 500. 2. Chama cha Jumamosi 10,000. 3. Jirani wa juu 200. Kuna mkutano kila jioni. Mochari inahesabu siku. Jeneza, basi la kwenda mashambani, hema, chakula cha wageni, vyote vina bei, na mazishi ni Jumamosi. Alhamisi usiku mweka hazina anapiga hesabu na shilingi 3,500 hazionekani.

Ona alichokupa huyu mtu. Ana kazi, ana makataa, ana watu wa kumkasirikia, na ana sababu ya kuishika simu inayomuumiza. Unahitaji vyote hivyo, kwa sababu mfadhaiko ni adui wa hadithi kwa namna ambayo huzuni ya kawaida si adui. Mwenye huzuni anataka: anataka aliyekufa arudi, anataka kulia, anataka mtu alipe. Mwenye mfadhaiko hataki kitu. Analala, anaangalia dari, anaacha sufuria iungue. Hadithi huendeshwa na kutaka, na mhusika asiyetaka chochote ataiua riwaya kufikia ukurasa wa 30 hata kama kila sentensi ni ya kweli. Nashuku kurasa zako 40 zina tatizo hilo chini ya lile alilolitaja mhariri mwenzako.

Dawa ya hilo kwenye ukurasa ni wajibu mdogo unaotoka nje. Mhusika hataki kuishi vizuri, lakini lazima akalipe bili kabla saa kumi na moja. Hataki kuongea, lakini shangazi amefika kutoka Kisii na hajui njia ya kutoka Machakos Country Bus. Wajibu usiwe mkubwa wala wa kishujaa. Halafu mpe vizuizi vya ugonjwa wenyewe, vile unavyovijua mwilini: kuamka saa tisa usiku bila kengele na kutolala tena, chai isiyo na ladha, kichwa kizito ambacho amekinunulia dawa za maumivu kwenye duka la dawa mara tatu kabla mtu hajafikiria kumpeleka kliniki ya akili, kushindwa kuchagua kati ya mkate mweupe na wa kahawia mpaka watu wa nyuma kwenye foleni waanze kuguna. Wengi hapa kwetu mfadhaiko huwaingia kwa mlango wa kifua, mgongo na tumbo. Mhusika anayesema moja kwa moja “nimekata tamaa” kwenye ukurasa wa pili anasema kama kijitabu cha wizara.

Ule ukimya wa siku zinazofanana, upunguze. Siku arobaini za kulala zinaingia kwenye aya moja. Kwa kila ukurasa ambao mhusika wako hasogei, wape wengine kurasa mbili wasogee mbele yake: mjomba anayegombania kipaza sauti, mama mkwe anayehesabu sahani, vijana wa mtaa waliokuja kupika na wakaanza kucheza karata. Matanga yana vichekesho, na usivione haya. Msomaji akicheka kwenye ukurasa wa 50, atakuwa hana kinga kwenye ukurasa wa 52.

Hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia kuliko unavyodhani. Taarifa ya habari hukaa kwenye *-li-* mwanzo hadi mwisho: aligongwa, alipelekwa, alifariki. Kwenye hadithi, *-ka-* ndiyo injini: akainuka, akachukua simu, akaiweka. Mhusika wako anapofanya kazi ya watu, mwachie *-ka-* ikimbie. Anapobaki peke yake, ikate, weka *hu-*: huamka saa tisa, huhesabu mabati ya jirani, husikia muadhini, hulala wenzake wakiamka. Msomaji atahisi muda umeganda bila wewe kumwambia kwamba muda umeganda.

Tufike kwa lile la “taarifa ndefu”. Mambo matatu ya chumba cha habari yanakuharibia. La kwanza ni piramidi iliyopinduliwa: unatoa kifo kwenye aya ya kwanza kwa sababu umefundishwa kwamba msomaji hataendelea. Kutaja kifo mapema si kosa, hata kwenye riwaya, ila basi swali la hadithi liwe jingine (zile 3,500 ziko wapi?). La pili ni “kwa mujibu wa”. Unaogopa kusema kitu bila chanzo, kwa hiyo kila mtu “anasemekana” na “inadaiwa”. Msimulizi wa hadithi ndiye chanzo. La tatu ni maneno yaliyokwisha makali kwa kutumika: aliaga dunia, papo hapo, walikimbizwa hospitalini, simanzi ilitanda. Tafuta kila mojawapo kwenye muswada wako na ulifute, hata pale panapoonekana panafaa.

Taarifa ya aina hii unaweza kuiandika ukiwa umesinzia:

*Mwanamume wa miaka 26 aliaga dunia jana baada ya bodaboda aliyokuwa ameabiri kugongwa na lori. Jamaa zake walifika hospitalini kuchukua mali yake huku simanzi ikitanda.*

Sasa mpe mtu mmoja, meza moja, na shughuli moja:

*Muuguzi alisukuma bahasha ya kaki juu ya meza. “Hesabu, halafu utie sahihi.” Kerubo akahesabu kwa sauti. Pochi. Simu. Kiatu. Akaipindua bahasha, akaitikisa.*

*“Kiatu kingine?”*

*Muuguzi akaangalia fomu. “Kililetwa kimoja.”*

*Kerubo akaandika: kiatu, 1. Alipokuwa anatafuta pa kutia sahihi, kioo cha simu kilichopasuka kikawaka. Mtu fulani alikuwa ametuma shilingi 200, na shukrani.*

Hakuna neno la huzuni hata moja. Kuna nambari mbili na fomu moja. Kuna pia swali ambalo linaweza kukubeba kurasa mia: nani alikuwa anadaiwa, na sasa deni limelipwa kwa nani? Jicho hilo la kuona kiatu kimoja unalo tayari, ndilo lililokufanya mwanahabari. Chumba cha habari kilikuwa kinalikata kwa sababu ya nafasi.

Ule usiku wa hospitali utakuja kuuandika, lakini kwa masharti. Kwa sasa, kila ukifika hapo, andika katikati ya ukurasa HOSPITALI kwa herufi kubwa, uruke uendelee na asubuhi yake. Zunguka pembezoni: foleni ya bili, mlinzi wa lango, mtu aliyelala kwenye benchi akisubiri wake. Ukiwa na kurasa kama 80 zilizosimama zenyewe, na jumla ya PHQ-9 imekaa chini kwa wiki 6 hivi, ndipo urudi. Rudi asubuhi, siku usiyo na zamu wala makataa, usiwe peke yako nyumbani. Weka kengele dakika 25. Ikilia, acha hata kama sentensi haijaisha. Tena ni vizuri isiishe. Usiisome siku hiyo. Fuatisha kazi ya mikono, fua au kata sukuma, jioni mpigie mtu umweleze jambo lisilohusu kitabu. Sura nzito zisizidi mbili kwa wiki. Na ukiingia, ingia kwa vitu: fomu, taa inayopepesa, viatu vya plastiki vya mhudumu. Ukiingia kwa hisia utazama, na msomaji atabaki ukingoni akikutazama.

Saa nne usiku, baada ya kufunga ukurasa wa kesho ofisini, usiandike kabisa. Najua ndiyo saa uliyonayo. Ndiyo pia saa ambayo uchovu hujifanya ukweli.

Mwendo wa kawaida: maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni 1,500 kwa wiki, na kwa wiki 40 una maneno 60,000, riwaya kamili. Kwa mwanahabari 300 ni kidogo mpaka inakera, lakini usipandishe. Mtu anayetoka kwenye mfadhaiko akipata siku nzuri huandika 2,500, kesho yake hawezi hata kuliangalia daftari, kisha hujilaumu wiki nzima. Na kabla ya riwaya, jaribu hadithi fupi ya maneno 3,000: mtu mmoja, jioni moja, mahali pamoja. Mweka hazina na 3,500 zake zinatosha. Ukiimaliza utajua kama mhusika anakubeba. Ikikataa kumalizika kwa mwezi mzima, usiilazimishe iwe riwaya.

Sasa mama, na sheria, kwa sababu kwenye mambo haya vinakutana. Chini ya Kanuni za Maadili za Baraza la Vyombo vya Habari unajua unavyotakiwa kumkaribia mtu mwenye majonzi: kwa upole na busara. Mama yako ana haki hiyohiyo, na huyu hana hata mhariri wa kumlalamikia. Usimpe muswada aidhinishe mstari kwa mstari, mtachoka nyote. Mweleze mapema kwamba unaandika kitabu cha kubuni, kwamba aliyekufa humo si mwanawe, kisha muulize jambo moja ambalo hataki kabisa lionekane. Moja. Mara nyingi si lile unalodhani. Huenda wewe unaogopa kuhusu ugomvi wa ardhi, kumbe yeye anaogopa watu kujua kwamba siku ile hakupokea simu. Hilo liache nje, bila mjadala. Na fungu lako la *nimeshuhudia* lina mengi ya kutosha bila hilo.

Kisheria, marehemu hawezi kushtaki kwa kashfa. Walio hai wanaweza: dereva, mwenye lori, daktari wa zamu. Kubadilisha jina hakukulindi ikiwa wanaomjua mtu watamtambua, na hospitali ya kubuni iliyopewa lango, rangi na barabara ya hospitali ya kweli bado inatambulika. Kwa kila mhusika aliyetokana na mtu halisi na anayefanya jambo baya, badilisha angalau vitu vitatu ambavyo mtu angemtambulia, kwa mfano cheo, umri na jinsia. Kesi ya kashfa Kenya hufunguliwa ndani ya miezi 12, ila hilo lisikutie ujasiri wa kijinga. Kama kesi ya ajali yenyewe bado iko kortini, zungumza na wakili wenu kabla ya kuchapisha chochote kinachofanana nayo, hata hadithi fupi.

Mwajiri wako pia ana nafasi hapa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi unayoifanya katika ajira yako ni mali ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Riwaya si sehemu ya kazi yako, lakini usiandike kwenye kompyuta ya ofisi wala usiitume kwa barua pepe ya ofisi, na soma mkataba wako uone kama unataka idhini kwa kazi za nje. Zile daftari za miaka mingi ya ajali ni jambo zito zaidi. Mama uliyemhoji nje ya mochari alikubali kunukuliwa gazetini, hakukubali kuwa mhusika wako. Tumia ulichojifunza kuhusu jinsi watu wanavyosimama, wanavyoshika kitambaa, wanavyouliza swali moja mara mbili. Maneno yake na kisa chake viache vilipo.

Rasimu ikiisha, iweke wiki 6 bila kuigusa. Msomaji wa kwanza asiwe ndugu wala mtu mliyefiwa naye. Atakuwa anamtafuta marehemu, si hadithi. Mpe mtu anayesoma riwaya kwa mapenzi yake, na mwombe jambo moja tu: aweke alama pale alipotaka kuacha kusoma. Usimuulize alilia wapi. Mwandishi aliyefiwa hulia kwenye kurasa ambazo msomaji anapita tu, na kinyume chake, kwa hiyo machozi yako si kipimo cha chochote.

Uchapishaji utakusumbua baadaye. Jua tu kwamba wachapishaji wengi wa Nairobi hutegemea soko la shule, na riwaya ya watu wazima kuhusu ugonjwa wa akili haiuziki kirahisi huko. Ukiandika kwa Kiswahili, kuna Tuzo ya Safal, ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Na zile kurasa 40, usizitupe. Zipitie ukiwa na kalamu ya rangi, upigie mstari kila kitu kinachoshikika kwa mkono: kiatu, risiti, kopo la uji, kitambulisho. Nakadiria utapata vitu kama thelathini. Vihamishie kwenye daftari la hadithi kama orodha, bila maelezo yoyote, na kurasa zenyewe uziweke ndani ya lile daftari la majonzi. Jumatatu umtafutie mweka hazina wako jina.